Meli ya Chumba cha Nyuma

Bahari mimi sijawahi kuiona. Naijua ile ya kwenye kalenda tu, ya bluu, imetulia kama shuka lililopigwa pasi. Mji wetu uko bara kabisa, na mwaka huo kiangazi kilikuwa kimekaza hata bomba la uani ukilifungua linakoroma tu. Nalitaja hilo la maji mapema ili ukilikumbuka huko mbele usidhani nimekosea. Mambo haya yalimpata wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ndani ya nyumba yangu, mchana kweupe, nami nikiwepo.

Siku yenyewe ilianza kama siku zote. Mume wangu ni fundi wa majenereta na alikuwa safarini kikazi. Nilikaa kwenye cherehani katika chumba cha nyuma, nakunja pindo za sare za shule. Mwanangu, ambaye tunamwita Bonge kwa ajili ya mashavu yake, alikuwa chini ya meza anamvalisha paka kofia ya mtoto. Wifi alikuwa upande wa dirishani na kompyuta yake. Feni ilikuwa moja, ya wifi, kainunua mwenyewe, lakini kila siku nilimkuta ameigeuzia kwa Bonge, yeye jasho linamtiririka shingoni.

Kazi yake nilikuwa nimemuuliza tangu wiki aliyohamia kwetu. Alinieleza bila kunicheka, ingawa mimi shule niliishia ya msingi. Kampuni yao ilikuwa inatengeneza programu ya kusaidia manahodha. Meli, alisema, imejaa vihisi, yaani vidude vya kupimia: kina cha maji, upepo, joto la bahari, meli imelalia upande gani. Hata mabaharia huvaa bangili yenye kihisi, ili mtu akianguka majini meli ipige filimbi na kumtaja jina. Programu inasoma vipimo hivyo vyote na kumwonyesha nahodha. Shida ni kwamba kampuni haikuwa na meli. Kazi ya wifi ilikuwa kutunga meli ndani ya kompyuta, itoe vipimo vya uongo, programu ijaribiwe hapa nchi kavu kabla haijapewa roho za watu.

"Kwa hiyo unalipwa kudanganya," nilimwambia.

"Nalipwa kudanganya vizuri, wifi. Ukidanganya vibaya hata shukrani hupati."

Kazini wakamwita Nahodha, na sisi nyumbani tukadakia. Meli yake ilihitaji watu wa kuvaa zile bangili za uongo, basi akatuandika sisi, majina yetu kamili. Yeye nahodha. Mimi fundi wa matanga, kwa sababu ya cherehani. Bonge mpishi. Paka wetu, Mzee, akaandikwa mkamata panya. Kwenye kioo cha kompyuta meli ilionekana kwa juu, kama kokwa ya embe, na sisi tulikuwa vidoti vinne vinavyotembea ndani yake, kila kimoja na jina lake. Bonge alikuwa akikiona chake anakibusu.

Asubuhi hiyo meneja wao alipiga simu. Wifi aliiweka sauti ya juu kwa kuwa alikuwa anamkatia Bonge kucha.

"Nahodha, meli yako inatembea kama iko juu ya meza ya ofisi. Bahari haitulii hivyo. Itafutie mawimbi ya kweli."

"Nayatoa wapi, bosi?"

"Wewe ndiye nahodha."

Wifi alicheka, akaingia kwenye kabati la mafaili ya zamani ya kampuni, hilo nalo liko ndani ya kompyuta, akachakura mpaka akapata rekodi moja ya vipimo vya meli ya kweli. Ilikuwa na mawimbi mazuri, alisema, yanaanza polepole kisha yanachachamaa. Ila ilikatika ghafla. Yeye alitaka meli itembee siku nzima, basi alichukua mwisho wa rekodi akauunga na mwanzo wake. Nililielewa mara moja. Ndivyo tunavyofanya mpira wa kiunoni kwenye sketi: ncha kwa ncha, unapata duara, haina pa kuishia.

Aliiwasha wakati nainjika maharage. Meli ikaanza kuyumba pale kwenye kioo, na wifi akapiga makofi. "Hapo sasa! Hata mimi nimesikia kichefuchefu."

Mimi nilikuwa naangalia bilauri yake ya maji pale mezani. Maji yalikuwa yamelala upande. Nikainama kutazama miguu ya meza, labda imekalia kitambaa. Meza ilikuwa sawa. Nilipoinuka, maji yalikuwa yamelalia upande wa pili, polepole, pamoja na meli.

Nilidhani ni joto.

Maharage yalipokuwa yanaanza kuiva, simu ya wifi, aliyokuwa ameiunganisha na meli yake, ilipiga filimbi kali. Alisoma, akaangua kicheko. "Mtu majini. Mzee! Mkamata panya wetu kaanguka."

"Mwambie apige mbizi," nilisema.

Bonge aliibuka kutoka chini ya meza na ile kofia mkononi. Paka hakuwepo. Mlango ulikuwa umefungwa, dirisha lina wavu. Tulimwita. Tulitikisa sahani yake. Mwishowe nilimkuta uani, kwenye beseni la kufulia, beseni lililokuwa kavu tangu maji yakatike. Amelala ubavu. Amelowa mpaka kwenye ngozi. Amekufa, amekakamaa kama ukuni.

Wifi alipiga magoti, akamgusa manyoya, akakipeleka kidole ulimini.

"Chumvi," alisema.

Alimfunga Mzee kwa taulo lake jipya, lile ambalo hata mimi alikuwa hajaniazima, akachimba shimo mwenyewe kwenye ardhi ngumu kama jiwe. Akamwambia Bonge kwamba Mzee kaenda kulala. Sauti aliishikilia, kwa ajili ya mtoto. Hilo sitalisahau.

Tuliporudi ndani meli ilikuwa imeanza mzunguko mpya, mawimbi ya polepole. Wifi alivihesabu vidoti kwa kidole. Ukimtoa paka tulitakiwa kubaki watatu.

Vilikuwa vinne.

"Huyu nani?" nilinong'ona.

"Sijamwandika mimi."

Cha nne hakikuwa na jina. Hakikuzunguka kama vyetu. Kilikuwa kimesimama pembeni kabisa mwa meli, na pembeni yake, karibu karibu, kilikuwepo cha Bonge.

Wifi alizima kompyuta, akang'oa waya ukutani na kufunga kifuniko. Tulikaa kitandani tunatazamana. Nilimpakata Bonge, nikakishika kichwa chake kifuani, naye akawa anachezea kifungo changu. Huko jikoni maharage yalitokota. Nilikuwa nimeshaelewa kwamba rekodi ile ilikuwa ndefu kadiri ya nusu ya kuiva kwa sufuria moja, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani maharage yasiive. Niliongeza maji yetu ya akiba. Kana kwamba yangesaidia.

Filimbi haikulia safari hii. Ila mapaja yangu yalilowa ghafla. Nilidhani mtoto kakojoa. Nikamwinua. Kaptura yake ilikuwa inachuruzika maji baridi, baridi ya ajabu mchana ule, na harufu nisiyoijua.

"Hiyo ni bahari," wifi alisema. "Harufu ya bahari ndiyo hiyo."

Kwenye mkono wa Bonge, juu ya kiwiko, palikuwa na alama za vidole. Vikubwa. Mtu mzima alikuwa amemshika kwa nguvu na kumvuta.

Sikungoja viatu. Nilitoka naye mbio hadi barabarani, kwenye jua, kwenye watu, mpaka kwa fundi baiskeli wa pale kona. Yule baba alininyanyulia kiti chake bila kuuliza, akampa Bonge kengele ya baiskeli achezee. Wifi alikuja nyuma yangu na simu mkononi. Aliniletea viatu vyangu. Kisha akanigeuzia simu nitazame. Kompyuta tulikuwa tumeizima, lakini meli ilikuwa inatembea. Na Bonge, aliyekuwa mapajani mwangu anapiga kengele, alikuwa bado ndani yake, pembeni, na yule asiye na jina.

"Mwanao kamwagikiwa?" fundi baiskeli aliuliza.

Chini ya miguu ya Bonge vumbi lilikuwa limeloa.

Wifi alimpigia meneja palepale.

"Bosi, nizimie meli huko kwenu."

"Meli gani? Hapa umeme umekatika tangu asubuhi, hata kompyuta kubwa imezimika. Nahodha, uko salama?"

"Nimetumia rekodi ya kabatini. Ile inayokatika."

Sauti ya meneja ikawa ndogo. "Ile haitumiwi. Nani kakuambia uichukue? Inakatika kwa sababu meli ilizama."

"Ilikuwa na watu?"

"Meli haiendi bila watu, dada yangu."

Wifi alikata simu. Alikuwa amepauka. "Wifi, unajua nilichofanya? Nimewafungia njia. Wakifika mwisho, nawarudisha mwanzo wazame upya. Siku nzima nawazamisha."

"Basi fumua," nilisema. Ndilo neno lililonijia. "Pale ulipounga, fumua. Waache wafike."

"Wakifika, kila aliye kwenye orodha anafika nao."

Tulirudi nyumbani. Sikuwa na pa kukimbilia, kwa maana popote ningempeleka mtoto, meli angeibeba begani.

Wifi alifungua kompyuta. Alifuta jina la Bonge kwanza. Tuliona kidoti chake kikififia, kikafifia, kikatoka. Miguu ya mwanangu ikawa na joto tena mikononi mwangu. Nililia kwa sauti. Akafuta langu. Kisha akakaa, mikono mapajani.

"Lako," nilimwambia. "Toa na lako."

"Haikubali. Meneja aliweka sharti: orodha ikiwa tupu, meli haipokei amri yoyote. Siwezi kufumua bila kuacha mtu mmoja ndani."

"Andika jina la uongo! Si ndiyo kazi yako?"

"Jina lolote nitakaloandika, wifi, kuna mtu mahali analo."

"Basi mwandike meneja!"

"Ana watoto."

"Na wewe una mimi!"

Alinitazama. Akatabasamu kidogo, tabasamu lile la kaka yake. "Ndiyo maana siogopi sana," alisema. Lakini alikuwa anaogopa. Meno yalikuwa yanagongana.

Mawimbi kwenye kioo yalikuwa yameshaanza kuchachamaa. Nilimtoa Bonge nikamkabidhi kwa fundi baiskeli, nikarudi mbio, nikachukua mbeleko yangu ya kumbebea mtoto, ile nene ya bluu. Ncha moja nilimfunga wifi kifundoni mwa mkono. Ncha ya pili niliifunga kwenye mguu wa cherehani, chuma kitupu, wanaume wawili ndio waliokiingiza ndani. Nilifunga fundo ninalolijua, la kawaida, mara mbili. Halafu nikamkumbatia kwa nyuma.

"Fumua," nilisema.

Alibonyeza.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Feni inazunguka. Mtu anapita nje na redio.

Kisha bilauri iliteleza mezani yenyewe na kuanguka. Sare za shule ziliteleza. Cherehani kiliguna. Sakafu ilikuwa palepale, naiona, lakini tumbo langu lilijua kwamba chumba kimelala upande.

Kwenye kioo vilibaki vidoti viwili. Cha wifi, kikisogea kuelekea pembeni. Na kile kisicho na jina, kikimfuata.

"Anakuja kunichukua," wifi alinong'ona.

Nilikodoa macho. Mimi sijui kompyuta, lakini nimelala na mtoto kitanda kimoja, najua mtu analalia upande gani ili mwenzake asianguke. Kile kidoti kilimpita wifi. Kikasimama kati yake na ukingo. Mwanzo kilikuwa kimesimama hivyohivyo na Bonge. Upande wa maji.

Zile alama za vidole. Hakuwa anamvuta kumpeleka. Alikuwa anamrudisha.

"Wifi," nilisema, "tazama amesimama upande gani."

Alikuwa anakohoa. Maji yalikuwa yanamtoka puani. Nywele zake zilikuwa zinaelea, zimeinuka, zinacheza taratibu, katika chumba kikavu. Nilimshika. Alikuwa mzito. Akazidi kuwa mzito. Mbeleko ilikaza. Cherehani kikaanza kuburuzika sakafuni, na fundo langu, nililiona kwa macho yangu, likaanza kulegea.

"Usimwache," nilisema. Sijui nilikuwa namwambia nani. "Baba, kaka, yeyote wewe. Usimwache."

Fundo lilifunguka.

Taa ya kompyuta ikazimika. Giza halikuwepo, nasema tena ulikuwa mchana, lakini sikuona. Kitu baridi kilipita kati yangu na wifi, kipana, kama bega la mtu anayepenya haraka mahali penye watu wengi. Nilisikia pumzi. Nzito, ya mtu aliyechoka sana.

Kisha filimbi ya simu. Mara moja tu.

Nilipoona tena, wifi alikuwa amelala sakafuni anatapika maji. Yu hai. Nilimgeuza ubavu, nikampiga mgongoni kama mtoto. Alitapika, akalia, akanishika shingo. Bonge aliletwa na fundi baiskeli, amebebwa begani, anacheka na kengele yake mkononi. Yule baba alitazama maji, akatazama dirisha lisilo na mvua, akachukua ufagio akaanza kufagia.

Simu ya wifi ilikuwa bado imewaka. Iliandika: Mtu majini. Na palipotakiwa kuwa na jina, pakawa patupu.

Kompyuta haikuwaka tena. Meneja alituma nyingine, na akaifuta ile rekodi kabatini. Wifi angali anafanya kazi ileile, ila mawimbi anayatunga mwenyewe, na kwenye orodha huandika viti, meza, sufuria, wazo ambalo siku ile halikutujia. Meli yake sasa inaongozwa na birika. Tunacheka, maana tufanye nini.

Kitu kimoja tu hatukukitupa. Mbeleko. Fundo langu lilifunguka, hilo nimeshasema. Lakini tulipomwinua wifi, ncha ile iliyokuwa kwenye cherehani tuliikuta dirishani, juu, kwenye nondo, mahali ambapo mimi sifikii bila kupanda kiti. Ilikuwa imefungwa. Fundo lenyewe sijawahi kuliona, na mimi nyuzi ndiyo kazi yangu. Linapita chini ya lenyewe na kurudi, zuri, limetulia, na kadiri unavyolivuta ndivyo linavyokaza. Hatukuweza kulifungua. Mume wangu aliporudi alikata nondo, likatoka zima.

Nimelianika kiangazi chote. Kitambaa kingine kimekauka, fundo halijakauka. Ukilibonyeza, linatoa tone la chumvi.

Nilikuwa nimelitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha nyuma. Juzi baada ya chakula cha mchana nilisikia Bonge anacheka peke yake, nikaenda kuchungulia. Alikuwa amekaa chini katikati ya chumba, ameshika ncha kavu ya mbeleko kwa mikono miwili, anaivuta, anajirusha nyuma, anacheka, anavuta tena, kama watoto wanavyovutana kamba.

Msumari ulikuwa mtupu. Ncha ya fundo ilikuwa hewani, upande wa dirishani, haikushikwa na kitu.

Na mbeleko ilikuwa imenyooka.